Mshale wa Kushoto

Amalemba, Jumamosi, saa tisa alasiri

Muhonja mwanangu,

Sitakuuliza hali yako kwa sababu naijua. Saa saba mchana umemaliza lile paja la ingokho, kuku wetu wa kuagana, ambalo mama yako alikuwa amelipanga liwe langu, ukafuta midomo, ukaondoka naye kwenda Iguhu kumuaga shangazi yako. Mtu mgonjwa hali hivyo. Mimi pia ni mzima, ukiondoa lile paja.

Nimebaki peke yangu na nyumba. Sanduku lako liko mlangoni, limefungwa kamba mara nne kana kwamba linaweza kutoroka kabla yako. Kesho asubuhi utapanda basi la Nakuru uende chuo cha ufundi, ukasomee redio na mitambo ya sauti, msichana peke yako katika darasa la wavulana. Mambo ya kufua, kula, kufunga mlango na kuchagua marafiki mama yako amekwisha kuyasema. Ameyasema tangu Jumatatu, na nadhani hata yule jogoo alichinjwa akiwa ameyakariri. Mimi nina jambo moja tu, na nimelijua leo.

Kabla hamjaondoka, wakati unatafuta viatu, mama yako alinivuta jikoni.

"Baba Muhonja," akasema, "mtoto anaenda kesho na roho yake si sawa. Anasema alikuuliza kitu Jumapili, ukanyamaza."

"Kitu gani?"

"Alikuuliza kama unaona ataweza hii kazi ya redio. Ulikuwa umewasha muziki, unapanguza hiyo mashine, bibi yako ya pili. Ukapanguza tu. Akasimama hapo, akangoja, akatoka. Ameniambia, 'Mama, Baba hapendangi kudanganya, ndiyo maana amenyamaza.'"

"Alisimama upande gani?"

Mama yako akaniangalia vile anavyoniangalia nikivunja sahani. "Unajua alisimama upande gani. Na leo utamwambia. Mimi nimechoka kuchunga hiyo siri, ni kama kuchunga ng'ombe ya mtu mwingine."

Kwa hiyo nakuambia. Sikunyamaza, mwanangu. Sikukusikia. Sikio langu la kushoto ni pambo. Limekaa pale ili kofia isianguke upande mmoja.

Lilianza kuuma nikiwa darasa la tatu, msimu wa kupanda mahindi. Likatoa usaha mwezi mzima. Nyanya yangu akalitia mafuta ya moto ya kila aina isipokuwa ya taa, na siku lilipoacha kuuma lilikuwa limeacha na kazi nyingine zote. Pale shuleni wavulana walinipa jina ambalo sitaliandika hapa, kwa sababu ukilijua utalitumia. Nilipohamia shule nyingine niliamua kwamba huko hakuna atakayejua. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kutafuta upande. Kanisani nakaa mwisho wa benchi, kushoto kabisa, ili kanisa zima liwe upande wa kulia. Njiani natembea kushoto kwa mtu. Ofisini kwetu, nilipoajiriwa kuchora ramani za mashamba, niliomba meza iliyobanana na ukuta, na mkubwa wangu akasema huyu kijana hana makuu. Watu wengi wameniona mnyenyekevu kwa sababu ya mahali ninapokaa.

Na pale nisiposikia, nikajifunza kutikisa kichwa. Ndivyo nilivyopata kuwa mwenyekiti wa kamati ya choo cha kanisa. Mtu fulani alisema kitu upande wa kushoto, nikatikisa kichwa kwa heshima, watu wakapiga makofi. Nilijua cheo changu nilipofika nyumbani na kuulizwa na mama yako kama nimerogwa.

Yeye mwenyewe alinigundua mwaka wa kwanza wa ndoa. Alikuwa analala upande wa kushoto. Miezi minne mizima alinieleza mipango yake yote ya maisha, watoto wangapi, shamba lipandwe nini, mama yangu aambiwe nini, na asubuhi naamka mtu wa furaha nisiyejua lolote. Siku moja akabadilisha upande wa kitanda bila kusema kitu, na hapo ndipo ndoa ilipoanza. Nilimwomba asimwambie mtu. Mchora ramani hahitaji masikio, lakini niliogopa. Mlipozaliwa nyinyi tukawaambia, "Baba akiwa anawaza, msimsumbue." Mkakua mkijua baba yenu ana mawazo mengi. Sikuwa na mawazo yoyote, Muhonja. Mara nyingi nilikuwa naangalia tu ukuta.

Sasa nikueleze kwa nini mtu mwenye sikio moja alinunua mashine yenye spika mbili, maana najua hilo ndilo swali lililokujia sasa hivi, na umeanza kucheka.

Ulikuwa na miaka mitatu. Injinia mmoja wa kiwanda cha sukari, mgeni kutoka ng'ambo, alikuwa anarudi kwao, akatoa vyombo vyake vyote barazani ili watu wanunue. Mama yako alikuwa ameuza mtamba wake wa ng'ombe sokoni Lubao. Akanipa pesa zile, akanituma kitanda. Alikitaja kabisa: kitanda cha mvule, chenye kichwa cha kuchonga, alikuwa amekiona kwa macho yake. Wewe na kaka yako mlikuwa mnalala katikati yetu na miguu yenu kwenye mbavu zangu.

Nilifika, nikakiona kitanda. Kilikuwa kitanda kizuri, sitamsingizia. Halafu nikageuka.

Mimi kazi yangu ni mistari. Najua mstari uliochorwa na mtu anayejali na ule uliochorwa na mtu anayengoja chai. Ile mashine ilikuwa imekaa juu ya meza ndogo, na sikuona mstari hata mmoja wa mtu anayengoja chai. Uso wake wa bati la rangi ya fedha ulikuwa umesuguliwa mpaka ukawa na vinywele vyembamba vinavyolala upande mmoja, kama majani yaliyopitiwa na upepo. Ubavuni mbao nyekundu iliyokolea, yenye mishipa. Kifundo kikubwa cha sauti, kizito, ukikizungusha kinakwenda polepole kama mtu mzima anayeinuka kitini. Chini yake vile viswichi vidogo vimepangwa mstari mmoja, na kila kimoja ukikigusa kinasema ta. Maandishi yake ni madogo na yamenyooka, hakuna herufi iliyokaa ovyo. Nilitafuta kosa kwa macho kama ninavyokagua ramani ya mtu mwingine. Sikupata.

Yule injinia akaona nilivyosimama. Hakusema bei. Alibonyeza swichi tu, akarudi nyuma.

Haikulia kwanza. Iliwaka. Unaijua ile rangi, umekua nayo, lakini mimi nilikuwa naiona mara ya kwanza. Asali ya msituni ukiiinua kwenye chupa mbele ya jua, ndiyo hiyo. Na ndani ya ile asali madirisha mawili, na katika kila dirisha mshale mwembamba umelala. Akaweka santuri. Mishale ikaamka.

Hapa nataka unisikilize, nawe una masikio mawili. Kwangu mimi sauti zote hutokea mahali pamoja, kama watu wanaotoka nyumba yenye mlango mmoja. Mtu akiniita barabarani nageuka mara tatu kabla sijajua aliko. Nilijua muziki ni mtamu, lakini sikujua una pande. Sasa nikaona mshale wa kulia ukipanda na gitaa, ukatulia, na ule wa kushoto ukaruka peke yake na ngoma, ukarudi, ukaruka tena, na wa kulia umekaa kimya unamngoja mwenzake. Kumbe huko kushoto kulikuwa na mtu siku zote. Nilisimama kwenye baraza ya mgeni nikiwa na umri wa miaka thelathini na tano na machozi yananitoka, na yule mgeni akadhani nimeguswa na uimbaji.

Nilirudi nyumbani juu ya trela ya trekta la miwa, amplifaya, ndiyo ile yenye mishale, mapajani imefunikwa blanketi, mashine ya santuri na spika mbili zimekaa katikati ya miwa kama wakwe. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, amekwisha kufagia mahali pa kitanda.

"Kitanda kiko wapi?"

"Kilikuwa na dudu."

"Na hii?"

"Hii haina dudu."

Aliingia ndani. Wiki tatu hakuitazama ile mashine. Akipita sebuleni anageuza uso kama amekutana na mwanamke aliyemkosea. Mimi nilikula, nikapanguza. Kisha Jumamosi moja nikamwona amekaa na uzi mweupe na sindano ya kufuma. Akafuma kitambaa cha kuifunika, kile kile unachokijua, na mbele akaacha madirisha mawili, sawasawa na ya mishale. Alikuwa amepima. Nilipoona yale madirisha nikajua nimesamehewa kwa asilimia kubwa. Miguu yenu iliendelea kukaa mbavuni mwangu miaka miwili zaidi, na kwa hilo la kitanda naomba radhi rasmi.

Halafu mashine yetu ikawa maarufu kuliko sisi. Unakumbuka Krismasi zile. Watu wakitoka kanisani wanakuja na mpiga picha wao, wamevaa suti, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanateleza, kila familia inataka kupigwa picha kando yake. Nilikuwa na sheria moja, kutoegemea. Wengine walitaka kushika kifundo kama vile wanatafuta stesheni. Mwalimu Lumbasi, jirani yetu, alipigwa akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Na yule kijana aliyetuma picha yake kwa wazazi wa mchumba, wakaamini mashine ni yake, wakaja kumtembelea? Nilimwazima sebule alasiri nzima. Mimi na mama yako tulikaa jikoni tukijifanya majirani walioleta maziwa, na mama yako akawatilia chai wakwe wa watu. Ndoa ile bado ipo.

Siku hizi maduka ya mjini yamejaa zile nyeusi za plastiki, zenye taa za rangi saba zinazokimbizana kama kuku. Sizisemi vibaya. Utazitengeneza nyingi, nawe utakula kwa hizo. Lakini ukiifungua moja, angalia kama kuna mahali mtu alijali. Hata padogo. Utaniandikia.

Sasa nafika mahali ambapo sijipendi.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulikuja ukasimama mbele yangu, kwa bahati mbele kabisa, ukasema, "Baba, hii spika ya huku imekufa."

"Haijafa. Angalia mshale."

"Mshale unacheza, lakini sauti haitoki. Weka sikio uone."

"Watu wazima hawawekangi masikio kwa mbao," nikasema, nikafungua gazeti.

Ningeweka sikio gani? Kuinama mbele yako na kuchagua sikio, hilo nililiogopa kuliko spika kufa. Na kweli niliuamini ule mshale. Kwa miaka minane ndio ulikuwa sikio langu la kushoto. Sikujua, na wewe kwa akili yako ya darasa la tano ulikuwa umekwisha kujua, kwamba mshale hupima kinachotoka ndani ya mashine, na haujui kama kimefika. Waya wa nyuma ulikuwa umekatwa na panya. Mshale ulicheza mwaka mzima ukimchezea panya. Niliona nyimbo zimekuwa nyembamba kidogo, nikalaumu uzee wa sindano ya santuri.

Halafu Jumapili moja nikatoka kanisani mapema, nikakukuta chini sebuleni, umetandika gazeti, spika imefunguliwa mgongo, skrubu zimepangwa kwenye kisahani cha chai kwa ukubwa wake, na amplifaya imevutwa mbele. Chini ya dirisha la kushoto palikuwa na mkwaruzo mmoja, mwembamba kama unywele. Sikuona kisahani. Sikuona skrubu zilivyopangwa, mimi ninayejidai kuona mpangilio. Niliona mkwaruzo. Nikasema mikono yako ni ya kuosha vyombo na isiguse tena kitu kinachohitaji akili.

Nimeyaandika yalivyokuwa ili usidhani nimesahau. Ulirudisha skrubu zote, moja moja, bila kuniangalia, ukaenda jikoni ukaosha vyombo.

Jioni ile ile Mwalimu Lumbasi akaja. Nikaweka santuri. Akakaa kile kiti cha kushoto, akaruka kidogo.

"Eh. Huyu jamaa amefufuka."

"Jamaa gani?"

"Hii spika. Tangu mwaka jana imekuwa kabati tu. Sisi hugombania kile kiti cha kulia, wewe hujaona?"

"Na hamkuniambia?"

"Tulifikiri unapendanga hivyo. Mtu wa ramani, tukasema labda ni mtindo wa huko Japani ilikotengenezwa."

Alipoondoka niliinama nyuma ya spika. Waya ulikuwa umeunganishwa, umesokotwa vizuri, umezungushwa plasta ya kidonda ya shuleni, na juu ya plasta umefungwa uzi mweusi wa kusukia nywele. Wiki ile ulikuwa unatembea na msuko mmoja umefumuka, mama yako akikugombeza. Nikaja mpaka mlango wa jikoni. Ulikuwa umenipa mgongo, mikono kwenye povu. Ilibaki nifungue kinywa. Lakini nikikushukuru itabidi niseme nimekaaje mwaka mzima na spika iliyokufa bila kujua, na nikisema hilo nimesema lote. Nikarudi sebuleni nikaongeza sauti. Ndiyo ilikuwa asante yangu, Muhonja. Nilizungusha kifundo.

Amri yangu ya kutoigusa sikuiondoa. Nilikuwa na haya ya kuiondoa. Lakini hebu fikiri kidogo, mtu wa ufundi. Bisibisi yangu ndogo, ile ya mpini wa njano, unadhani ilihamia yenyewe kwenye droo ya vijiko? Mtu gani huweka bisibisi na vijiko? Na ile mikutano ya kamati ya choo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mama yako naye kila mara anakumbuka ana shughuli sokoni? Choo kilimalizika zamani, kina mpaka mapazia. Nilikuwa kwa Mwalimu Lumbasi nacheza drafti, nafungwa, naangalia saa ili nikupe alasiri nzima. Narudi nikikohoa tangu kwenye ua wa jirani usije ukashtuka. Ulidhani nina kifua?

Kila mara nilikuta kitu. Kifundo kilichokuwa kikikwaruza kimekuwa laini. Kiswichi kilicholegea kimesema ta. Mwezi mmoja taa ya mbele iliyokuwa imezimika ikawaka tena. Ulikuwa umetia balbu ya tochi. Nikafurahi, lakini mwanga ulikuwa mweupe, wa hospitali, na uso wote ukaonekana mgonjwa. Sikusema kitu, ningesemaje, mimi sijui kama kuna mtu anaigusa. Nilikaa tu siku kadhaa nikiiangalia. Mwezi uliofuata nikarudi kutoka kwenye choo changu nikawasha, na asali imerudi. Nilichungulia kwa pembeni nikaona kikaratasi cha peremende, cha njano, umekikata sawasawa ukakiweka mbele ya balbu.

Nilikaa kwenye kiti nikacheka mpaka mama yako akaja kuniangalia. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, umekatazwa, umetukanwa mikono, na uliona mzee wako amekosa rangi yake ukaenda ukaitafuta kwenye peremende. Nimefanya kazi na mafundi wenye vyeti ukutani ambao hawakuwahi kurudi kuangalia kitu baada ya kuondoka.

Ukifika huko, mwalimu akisema kitu usikisikie, sema hujasikia. Ni sentensi fupi. Mimi nimeikwepa miaka arobaini, na imenipatia choo kimoja na maswali yako mengi ambayo sikuyajibu. Maana tangu mama yako aniambie leo nimekuwa nikijiuliza ni mara ngapi. Ni mara ngapi ulisimama upande ule ukaniambia kitu kizuri nikaendelea kupanguza. Ukikumbuka baadhi, yaandike, nitayajibu hata kama swali lilikuwa la kalamu ya rangi.

Mlipotoka leo nilisimama mbele ya mashine na kitambaa changu, kama kawaida, na mkono ukakataa kupanguza. Nikaenda kwenye droo ya vijiko. Nimechomoa waya ukutani, usianze. Nikakunja kile kitambaa cha mama yako, nikafungua kifuniko kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita. Skrubu zilikuwa nane. Nilizipanga kwenye kisahani kama nilivyoona kwa mtu fulani, lakini moja imeviringika chini ya kochi, na nimeitafuta kwa ufagio mpaka nimepata kitana cha kaka yako, chaki, na shanga, skrubu hapana.

Halafu nikachungulia ndani.

Muhonja, mbona hukuniambia? Ni ramani. Kuna barabara za shaba zinazopinda kwa pembe moja, hakuna iliyokatiza nyingine bila ruhusa. Kuna matangi marefu ya buluu yamesimama mawili mawili kama ya kule kiwandani. Kuna vile vidogo vyenye mistari ya rangi, nyekundu, njano, kahawia, vimelala safu kama nyumba za Amalemba zikitazamwa kutoka juu, ila hizi zimepakwa rangi. Na nyaya zimefungwa pamoja kwa uzi, fundo baada ya fundo, zote kwa umbali sawa. Aliyezifunga hakutegemea mtu yeyote azione. Mimi nimekaa miaka kumi na sita napanguza mlango wa mbele, na wewe siku zote hizo ulikuwa ndani ya nyumba.

Nimekuona humo pia. Kuna kikaratasi chako cha peremende. Kuna mahali umeunganisha upya kwa risasi ya kuyeyusha, padogo, panang'aa, na ningekuwa sijui kazi za wengine nisingejua ni wapi fundi wa kwanza aliishia na wewe ukaanzia.

Basi swali lako la Jumapili. Ndiyo. Naona utaweza. Niliona tangu ule uzi wa nywele, nikakuficha hilo miaka minane kwa sababu ya sikio, na kati ya mambo yote niliyokosea, pamoja na kitanda, hilo ndilo ningelirudisha kama ningeweza. Mikono yako niliisema vibaya. Ni mikono mizuri kuliko yangu, na yangu inalipwa na serikali.

Barua hii nitaisukuma chini ya kamba ya sanduku, uisome Nakuru siku utakapohitaji kucheka. Lakini jibu halitangoja Nakuru. Nawaona hapa dirishani mnaingia kwenye njia yetu, mama yako na kikapu, wewe na muwa mrefu kuliko wewe, na mnabishana. Mtaingia mkute sebule imefunguka hivi na mwenye nyumba yuko magotini. Nitasema yote kwa kinywa, nikianza na sikio, mama yako akiwa shahidi. Kisha vuta kiti uketi kuliani kwangu. Kuna waya mmoja mwekundu nimeufuata kwa kidole kutoka nyuma, umepita kati ya matangi, ukaingia chini, nikapotea. Uniambie unaenda wapi.

Ni mimi baba yako, mwenye sikio moja na skrubu saba.